Saa Kumi

Mimi si mwanamuziki. Niliseme hilo kwanza.
Ni karani wa ghala la tumbaku, Ipuli,
miaka kumi na tisa nahesabu marobota,
ndiyo maana nikakabidhiwa fidla kumi na moja,
viola tatu, na chelo moja ya mninga
aliyoichonga fundi Msonde wa Sikonge
ambaye hakuwahi kuona chelo ila kwenye kalenda.
Sauti yake nzito,
kama ya mtu anayeitikia kutoka chumba cha ndani.

Daftari lilikuwepo. Mchwa walilisoma kabla yetu,
wakaanza na majalada, wakafika kwenye madeni.
Basi mpwa wangu Kalunde akaketi nami barazani,
akanifungulia kwenye simu programu isiyodai msimbo:
unaburuta kisanduku, unakidondosha,
unaunganisha mstari na mstari, kama anayesuka mkeka.
"Shangazi, hapa huandiki lugha ya mashine.
Unaiambia tu: ikiwa hivi, basi vile."
Nikacheka. Lugha hiyo naijua.
Ndiyo mama yangu aliyotulea nayo.

Ikiwa fidla imelala nje siku saba, basi kumbusha.
Ikiwa uzi umekatika, basi taja uzi gani, mkononi mwa nani.
Ikiwa karatasi ya nota imetoka kabatini,
basi haitoki bila jina la mtu.
Ikiwa kesho ni Jumamosi, basi waite wote, saa kumi.

Nikaandika 10.
Ningeandika nini kingine?

Lakini programu ile haikuzaliwa Tabora.
Siku yake huanza usiku wa manane, watu wamelala;
kumi yake ni nne yetu, chai haijapoa.
Ijumaa ikatuma miito thelathini na miwili
bila kumeza mate: *Mazoezi. Kesho. 10:00.*
Kila mtu akaisoma kwa saa ya kwao.

Kasanda, mlinzi wa kiwanda cha mpunga,
kwake kumi ni ile ya alfajiri, saa ya kukabidhi lindo.
Akafika ukumbi wa parokia na tochi mdomoni,
akaifungua chelo, akangoja, hakuna mtu,
akapiga sehemu yake yote, pamoja na mapumziko,
akihesabu kimya palipokuwa na wengine.
Kisha akaenda kulala.

Saa nne wakaja wanafunzi na Sista Yustina,
watoto wanaoamini simu kuliko jua.
Wakapiga sauti za kati,
zile ambazo zikiwa peke yake hufanana na watu
wanaozungumza habari za mtu aliyetoka nje.

Jioni, saa kumi hasa, tukaja sisi wengine,
joto la Oktoba limelegeza nyuzi zote.
Fidla za kwanza zikapanda na wimbo wao
bila sakafu, bila kuta.
Nikasimama mlangoni na simu yangu.
Ilikuwa imeweka alama ya tiki kwa wote thelathini na wawili.
*Mahudhurio: kamili.*

Nilikuwa natafuta pa kuficha uso
Getruda anayefagia ukumbi aliponigusa bega.
"Huu wimbo wenu wa leo," akasema,
"mbona umekuja kwa mafungu?
Alfajiri miguu, asubuhi kiwiliwili,
sasa ndiyo naona kichwa.
Nimeshinda humu nikiuunganisha."
Akaendelea kufagia,
na naapa, midomo yake ilikuwa inatembeza sauti ya chelo
chini ya fidla zetu, pale pale ilipopungua.

Usiku nikairekebisha ile kumi.
Sasa nimeandika 16, namba isiyo na maana yoyote
kwa mtu aliyezaliwa Unyamwezi, lakini mashine imeridhika.
Kisha nikaburuta kisanduku kipya,
nikakidondosha chini ya vyote.
Kalunde akauliza, hiki cha nini, hakina sharti,
hakiungani na kitu.
Kiache, nikamwambia.
Jina lake: *Aliyesikia.*
Safu ya kwanza: Getruda. Chombo: fagio.